Ada ya Taka Katika Kata za Pembezoni: Hoja za Kaya na Afya ya Jamii

Kata ya Chapwa ni sehemu ya Halmashauri ya Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, karibu na mpaka wa Tanzania na Zambia. Kisheria mkazi wake ni mtu wa mjini. Kimaisha, katika kata za pembezoni kama hii, wako wengi wanaolima mahindi na maharage na wenye nafasi ya kuchimba shimo la taka nyuma ya nyumba. Mkazi wa namna hiyo anapodaiwa ada ya uzoaji wa taka, huuliza: nalipia nini, ilhali taka zangu nazimaliza mwenyewe? Viongozi wengine huliona swali hilo kuwa ukaidi. Ni swali la haki, na jibu lake linategemea kilichomo ndani ya taka zenyewe.

Sehemu kubwa ya taka za kaya ya mkulima ni maganda, majani, mabaki ya chakula na majivu. Hizo zikifukiwa huoza na kuwa mbolea. Kuzipakia kwenye gari ni kulipia mafuta ili kuiondoa mbolea shambani. Kwa upande huu mkulima ana hoja nzito. Hata hivyo, ndoo ya taka ya leo si ile ya miaka 30 iliyopita. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini vifungashio, chupa, betri za tochi na pampasi za watoto vimebaki, na shimo haliviozeshi.

Kaya nyingi huvichoma. Moto wa uani hauna joto la kutosha kuunguza plastiki kikamilifu, hivyo hutoa chembechembe laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu, pamoja na kemikali za sumu kama dayoksini, hasa plastiki yenye klorini inapoungua. Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni na mama anayechochea moto huo, kisha mgonjwa wa pumu na mzee mwenye maradhi sugu ya mapafu. Moshi huo pia hauishii kwenye uzio wa aliyeuwasha.

Kuhusu kipindupindu, ukweli usemwe bila kutishana. Lundo la maganda halizai vimelea vya ugonjwa huo; hutoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa na kuingia katika maji au chakula. Taka huhusika pale zinapoziba mifereji, maji ya mvua yakafurika vyooni na kufikia visima, au pale pampasi zenye kinyesi zinapotupwa korongoni. Wazazi wengi hudhani kinyesi cha mtoto hakina madhara. Si kweli. Katika mji wa mpakani jambo hili halina mzaha: mlipuko ulioanza Zambia Oktoba 2023 uliua watu zaidi ya 700 katika nchi hiyo. Makopo na matairi yanayotuama maji nayo huzalisha mbu waenezao homa ya dengue.

Kwa hiyo ipo kazi ambayo shimo haliwezi kuifanya, na kazi hiyo ina gharama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Ugumu uko katika utekelezaji. Jiji la Dar es Salaam lilipoanza kukabidhi uzoaji kwa kampuni binafsi mwaka 1994, ukusanyaji wa ada ulikuwa mojawapo ya vikwazo vikubwa. Mzunguko huo unafahamika: gari lisipopita, kaya haitoi fedha, fedha zisipopatikana, gari halipiti. Anayepaswa kuuvunja kwanza ni mwenye gari. Ada inayotangulia huduma huwafanya watu wakwepe kizimba na kutupa taka usiku barabarani au mtoni, na hapo afya iliyotajwa kama sababu ya ada inapotea.

Kadhalika si sawa mjane anayeishi peke yake alipe sawa na nyumba ya wageni. Sheria ndogo za halmashauri hutangazwa kwanza ili wananchi watoe maoni kabla ya kuidhinishwa. Hapo ndipo pa kudai viwango tofauti, msamaha kwa wasiojiweza, na nafuu kwa kaya inayofukia taka zinazooza na kukabidhi plastiki pekee. Anayelipa adai stakabadhi.

Wakati hayo yakisubiriwa, shimo la nyumbani liwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kila tabaka la taka lifunikwe kwa udongo. Kinyesi kilichomo kwenye pampasi kimwagwe chooni kabla ya kuitupa. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini aweke sindano katika chupa ngumu yenye mfuniko na kuirudisha kituoni. Asiitie kwenye mfuko, kwa kuwa mzoa taka huubeba kwa mikono mitupu. Naye mhudumu wa zahanati anayempokea mtoto mwenye kikohozi kisichokoma aulize, pamoja na mengine, taka za nyumbani huchomwa wapi na nani husimama karibu na moto.