PANYA WA MLIMANI MWENYE UZITO WA KALAMU



Wakati wa kiangazi, milima iliyo juu ya Kiringye inawaka moto usiku, na sisi wa bondeni tunaangalia kama sinema. Mara nyingi wenye kuwasha ni vijana kama sisi wanaotafuta panya. Hata kati yetu, wa mwaka wa sita, wako waliowasha. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza leo habari ya panya wawili wa milima ya Kivu ambao wengi hawajawasikia.

Wa kwanza ni panya wa Delany. Wataalamu wanamwita Delanymys brooksi. Alipewa jina hilo mwaka 1962, alipopatikana Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda. Anajulikana pia Rwanda na huku kwetu Kivu, upande wa Kahuzi. Ni mdogo kabisa: mwili wake ni sentimita 5 au 6, mkia unapita mwili kwa urefu, na uzito wake ni gramu 5 hadi 7. Ukimweka kwenye mizani na kalamu ya Bic upande wa pili, mizani itakaribia kusimama sawa.

Anakaa wapi? Si jikoni, wala si katika shamba la muhogo. Anakaa katika vinamasi vya baridi, tangu mita 1,700 hivi mpaka kupita 2,500, penye majani marefu ya majimaji na karibu na mianzi. Anapanda majani akijishika kwa mkia, anakula mbegu, na anajenga kiota cha mviringo kama cha ndege.

Wa pili ni Dendromus kahuziensis, panya mpandaji wa Mlima Kahuzi. Fritz Dieterlen, Mjerumani aliyefanya uchunguzi Lwiro miaka ya 1960, alimweleza mara ya kwanza mwaka 1969. Waliojulikana kwa wataalamu ni wawili tu, na wote walikamatwa mlima huo mmoja, mahali pa karibu karibu. Wawili tu, wandugu! Darasa letu dogo kuliko yote linawapita.

Mtu atauliza: mbona hawasambai? Jibu ni baridi. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770, na uwanda wetu wa Ruzizi unazidi kidogo tu. Kahuzi inafika mita 3,308. Kwa panya wa baridi, bonde la joto ni kama ziwa kwa mtu asiyejua kuogelea. Kwa hiyo kila mlima ni kisiwa. Kinamasi kimoja kikikaushwa ili kulimwa, au kikichomwa, wanaokaa pale hawana pa kuhamia. Panya wa nyumbani akifukuzwa jikoni anaingia ghalani. Huyu hawezi. Tena hao wawili si ndugu wa karibu wa panya wa nyumbani. Jamaa yao nyingine iko mbali, kisiwani Madagaska.

Wengine watasema: panya ni panya, na wafe, wanatumalizia mpunga! Lakini huyu hajawahi kula mpunga wa mtu. Tena kinamasi anachokaa ni kama sifongo: kinashika maji ya mvua na kuyaachilia pole pole. Mifereji ya mashamba yetu ya mpunga inapata maji kutoka milimani. Mlima ukibaki mtupu, maji yanashuka yote mara moja. Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia mjini Uvira, watu wengi wakafa. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli, lakini mlima usio na majani hausaidii kuizuia.

Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na ile ya Itombwe, juu yetu hapa, mwaka 2006. Lakini karatasi haizimi moto.

Hatukatazi mtu kula panya wa shambani. Hao ni wengi, na sisi pia tunawapenda na bugali. Tunaomba neno moja tu: likizo ikifika, mkipanda kwa wazazi milimani, kiberiti kibaki mfukoni. Na ukiona kiota kidogo cha majani juu ya kinamasi, usikivunje. Angalia vizuri, uandike mahali na siku, kisha umletee mwalimu wa biolojia.

Sisi wa mwaka wa sita tunaondoka. Mlima unabaki kwenu.