Kunamua (bao)

Kunamua ni hatua ya kwanza ya bao la kiswahili, mchezo wa safu nne, mashimo 32 na kete 64, ambazo aghalabu ni mbegu za mkomwe. Wamaasai, wakiwemo wa Ngorongoro, wana mchezo wa jamii hiyo uitwao enkeshui, wenye safu mbili.

Katika sataranji kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo. Katika bao kila mchezaji huanza na kete 10 katika safu yake ya mbele: sita ndani ya nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Nyingine 22 hubaki mkononi, naye huingiza moja kila zamu.

Anayeanza hawezi kula, kwa kuwa hakuna mashimo yenye kete yanayotazamana, hutakata tu. Akiongeza kete katika shimo lililo jirani ya nyumba na kuzigawa zote tatu kulia, mpinzani naye hapati cha kula. Akizigawa kushoto, mbili huangukia mbele ya mashimo ya mpinzani yenye kete, naye huweza kula papo hapo.

Kete za mkononi zikiisha, huanza hatua ya mtaji.