Fani Inapokuwa Maudhui: Mchoro, Kiswahili na Kumbukumbu

1. Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Bukavu wanazifahamu manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, pamoja na filamu za katuni zitokanazo nazo. Aghalabu sisi walimu huziona kuwa burudani ya watoto. Makala haya yanashikilia kwamba katika kazi bora za aina hiyo, namna ya kuchora ndiyo inayobeba maana, na kwamba jambo hilo linawahusu hasa wanaochunguza Kiswahili cha Kongo.

2. Wachoraji wawili

Mwaka 1973 Keiji Nakazawa alianza kuchapisha Hadashi no Gen, yaani Gen Pekupeku. Alikuwa na umri wa miaka sita bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Watoto aliowachora wana nyuso za mviringo kama za vichekesho. Kando yao hupita watu walioungua, ngozi ikiwaning'inia. Kukutana kwa mitindo hiyo miwili katika ukurasa mmoja ndiko kunakomshtua msomaji.

Wakati huohuo, 1973 hadi 1974, Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akichora historia ya nchi yetu mjini Lubumbashi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha chuo kikuu huko, alikusanya picha zake zipatazo mia moja, akarekodi maelezo ya mchoraji mwenyewe, na mwaka 1996 akayachapisha kitabuni. Picha hizo si manga, bali hufuatana na kusimulia kama hadithi moja. Katika picha ya kifo cha Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961, misalaba mitatu imesimama nyuma, na damu ya ubavuni inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Mtazamaji ajuaye Injili hahitaji kuelezwa zaidi.

Tuzingatie pia lugha. Maandishi yaliyomo pichani kwa kawaida ni ya Kifaransa, lugha ya shule na ofisi. Maelezo ya mdomo ni ya Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule. Asomaye maandishi peke yake hupata nusu ya matini.

3. Hitimisho

Kiswahili cha Kongo mara nyingi huitwa kibovu. Hata hivyo, kwa Kiswahili hicho Tshibumba alifasiri historia ya taifa zima. Bukavu nayo ina majeraha yake: Oktoba 1996, Juni 2004, na mengine ya baadaye. Kijana anayechora macho makubwa ya manga daftarini huenda anatafuta njia ya kuyasema. Basi tuketi naye, tumwulize picha yake inanena nini, na tuandike jibu lake kama alivyolitamka, bila kulisahihisha. Habari za Tshibumba zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sauti yake tunayo kwa sababu kuna aliyemwuliza mapema.