Gunia limejaa, lakini ndani yake kuna nini?

Na Mwandishi Wetu

UKIFIKA Kilosa wakati wa mavuno ya mpunga, swali utakalolisikia kwenye kila mashine ya kukoboa ni moja: umepata gunia ngapi kwa ekari? Anayejibu ishirini na tano anatazamwa kwa heshima. Anayejibu nane anapewa pole.

Hakuna anayeuliza gunia hilo lina madini chuma au zinki kiasi gani. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam naye haulizi. Anatafuna punje mbili, anaangalia chenga, ananusa, kisha anataja bei yake.

Hata hivyo, kwa miaka zaidi ya kumi sasa watafiti wa mazao wamekuwa wakiuliza swali hilo tusilouliza sisi. Majaribio yao yamefanyika mbali na bonde la Mto Mkondoa, huko China, Japani, Australia na Marekani, lakini majibu yanamhusu mkulima wa Rudewa na Msowero kama yanavyomhusu mkulima wa huko.

Hewa imeongezeka, lishe imepungua

Kabla ya viwanda kushamiri duniani, hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Vipimo vilipoanza kuchukuliwa mfululizo mwaka 1958, juu ya mlima wa Mauna Loa huko Hawaii, ilikuwa imefika takribani 315. Mwaka 2013 ilivuka 400 kwa mara ya kwanza, na mwaka 2024 wastani wake ulikuwa umepita 420.

Mmea hujitengenezea chakula kwa kutumia hewa hiyo. Kwa hiyo msomaji anaweza kusema: vizuri, basi tutavuna zaidi. Kwa kiasi fulani ni kweli. Mpunga, maharage na mbaazi hukua haraka zaidi hewa ukaa ikiongezeka, mradi maji na mbolea vipo.

Mahindi, mtama na miwa ni habari nyingine. Mazao haya yana namna yake ya kukusanya hewa ukaa ndani ya jani, hivyo yalikuwa yameshiba tangu zamani. Faida yao huonekana hasa wakati wa ukame, kwa sababu jani hupoteza maji kidogo. Mkulima wa mahindi wa Kilosa, au wa miwa kule Ruembe, asitegemee zawadi kutoka angani.

Tatizo liko kwenye mpunga, na mpunga ndio fedha ya watu wengi bondeni. Hewa ukaa inapozidi, mmea huongeza wanga, lakini madini kutoka ardhini hayaongezeki kwa kasi hiyo. Ni sawa na mchuzi ulioongezwa maji: sufuria imejaa, lakini chumvi ni ileile.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature ulikusanya matokeo ya mashamba ya wazi ambako mimea ilipuliziwa hewa ukaa hadi kiwango cha kati ya 546 na 586. Tutafika huko ndani ya karne hii tukiendelea kuchoma mafuta na makaa kama tunavyochoma sasa. Katika mchele, zinki ilipungua kwa takribani asilimia 3, madini chuma asilimia 5 na protini karibu asilimia 8. Mahindi hayakuguswa sana, isipokuwa madini chuma.

Mwaka 2018 utafiti mwingine ulipima aina 18 za mpunga katika mashamba ya China na Japani. Mbali na protini na madini kushuka, vitamini za kundi B nazo zilishuka. Foleti, ambayo mama mjamzito anaihitaji kuliko mtu yeyote, ilipungua kwa asilimia 30.

Kwa mtu anayekula wali kwa nyama, samaki na maziwa, asilimia 5 ya madini chuma si kitu. Lakini sahani ya kawaida kijijini ni wali au ugali mwingi na mboga kidogo pembeni. Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2022 zilionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na wanawake 42 kati ya 100 wana upungufu wa damu. Aliye na kidogo ndiye anayepunguziwa.

Kilicho ardhini nacho kinapanda

Hilo ni upande wa kinachopungua. Kuna kinachoongezeka, nacho ni aseniki.

Aseniki ni sumu ya asili iliyomo karibu katika kila udongo, mahali pengine kidogo, pengine nyingi. Hapa nchini inafahamika zaidi katika maji ya ardhini ya maeneo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Jaruba likijaa maji kwa wiki nyingi, udongo hukosa hewa safi, madini ya chuma yaliyoishikilia aseniki huyeyuka, na sumu hiyo huwa huru. Mpunga huinyonya kupitia njia ileile unayotumia kunyonya silika, kitu kinachoimarisha mashina yake.

Joto huchochea kazi hiyo. Mwaka 2019 watafiti walichapisha jaribio lililotumia udongo wa mashamba ya California. Walipoongeza joto kwa nyuzi 5 na hewa ukaa hadi mara mbili ya ile ya sasa, mavuno yalishuka kwa karibu asilimia 40 na aseniki ndani ya punje ikakaribia kuwa maradufu. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya miaka kumi ya majaribio huko China, yaliyohusisha aina 28 za mpunga. Aseniki ilipanda zaidi pale joto na hewa ukaa vilipoongezeka kwa pamoja.

Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka mchele uliokobolewa usizidi miligramu 0.2 za aseniki hatari kwa kilo. Mnunuzi anayetafuna punje mbili hawezi kuionja.

Dawa iliyo karibu

Bahati nzuri Morogoro ina sehemu ya jibu. Katika skimu ya Mkindo, wilaya jirani ya Mvomero, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) wamewafundisha wakulima kilimo shadidi: miche michanga, mche mmoja kwa shimo, na maji yanayoingizwa kwa zamu badala ya jaruba kujaa muda wote. Lengo lilikuwa kuokoa maji na kuongeza mavuno. Lakini udongo unaoachwa upumue hushikilia aseniki yake.

Hapa wakulima tuwe waangalifu, maana si kila kitu ni faida. Udongo ukikaushwa mno, hasa wenye asidi, hufungua mlango kwa metali nyingine, kadimi. Hii huingia shambani pole pole pamoja na baadhi ya mbolea za fosfati, kutegemea mwamba zilikotoka. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kuloanisha na kukausha kwa zamu, si kukausha hadi ardhi ipasuke, na kuweka chokaa pale kipimo kinapoonyesha asidi. Udongo upimwe kwanza. Maabara ya SUA iko Morogoro mjini, na TARI Ilonga iko hapohapo Kilosa.

Na zile pumba zinazorundikwa nyuma ya mashine na kuchomwa moto? Zimejaa silika. Zikirudishwa shambani, mpunga hupata silika ya kutosha na hunyonya aseniki kidogo. Mali hiyo tunaiteketeza kila msimu, moshi unawasumbua majirani, na hakuna anayehesabu hasara.

Kando ya barabara kuu

Ukielekea Mikumi hadithi ya udongo inabadilika. Pale kinachotazamwa ni barabara kuu ya kwenda Zambia, inayokata katikati ya hifadhi kwa kilomita 50, na malori yake. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Lakini risasi haiozi wala haisafiri mbali. Iliyotua kwenye udongo wa juu kandokando ya barabara kwa miongo kadhaa huendelea kubaki pale.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walionyesha mwaka 1999, kwa mboga za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, kwamba mchicha hauchagui: unachukua metali nzito zilizopo. Anayetaka bustani karibu na lami aisogeze mbali, aweke samadi nyingi, na mboga zioshwe vizuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya risasi hukaa juu ya jani kama vumbi.

Viuatilifu navyo vina kumbukumbu ndefu. Shamba la Vikuge, mkoani Pwani, lilipokea mwaka 1986 shehena ya viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimeshapitwa na wakati. Banda likabomoka, na miaka mingi baadaye DDT bado ilikuwa ikipimwa kwenye udongo na majani. Kilosa, wilaya iliyolima pamba tangu enzi za Mwingereza na ambayo Ilonga yake ilikuwa kituo cha utafiti wa zao hilo, ina sababu ya kuuliza maghala yake ya zamani yalisimama wapi kabla mtu hajalima hapo bustani ya nyanya.

Mbaazi inasubiri

Ilonga imefanya kazi kubwa kwenye mikunde, na aina zake za mbaazi kama Komboa, Mali na Tumia zinafahamika. Mikunde hujitengenezea mbolea yake ya naitrojeni, hivyo protini yake haishuki kama ya mchele hewa ukaa inapozidi, ingawa zinki na chuma hupungua kiasi.

Wakulima wengi waliipa mbaazi kisogo baada ya India kuweka ukomo wa uagizaji Agosti 2017 na bei kuporomoka. Walioipanda kwa ajili ya meli walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini debe moja likibaki nyumbani, likapikwa kwa nazi pamoja na huo wali, linarudisha sehemu ya kile ambacho punje imepoteza, na halihitaji mnunuzi wa Mumbai. Kilo mbili za mbegu kwa mstari wa pembeni mwa shamba la mahindi zinatosha kuanzia, na msimu wa kupanda ni uleule wa mahindi.