KUWAPELEKA WAZAZI WAZEE MOROKO: SIKU TATU ZISIZO NA HARAKA

Kila askari aliyepata mafunzo anajua ya kuwa kikosi hutembea kwa mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote, wala si kwa mwendo wa yule mwenye mbio. Ajabu ni kwamba wengi wetu tuliofundishwa hivyo kambini huisahau kanuni hiyo mara tunapovua sare na kuwachukua wazazi wetu safarini. Mimi ni mmoja wao, na makala haya nimeyaandika ili mwenzangu asirudie kosa langu.

Miaka michache iliyopita wazazi wangu walikwenda Ubelgiji kumtazama mjukuu wao wa kwanza. Ndege ya kuwarejesha nyumbani ilipitia Casablanca, nami niliyekuwa nikiwasindikiza nikaona si vibaya tukatize safari siku chache, ili waione nchi ya Moroko walau mara moja katika maisha yao. Baba alikuwa na umri wa miaka 74, askari mstaafu mwenye goti lililoumia tangu siku za utumishi. Mama alikuwa na miaka 69, naye ana kisukari. Nikaandika orodha ya mahali kumi na moja pa kutazama. Sikumwonyesha mtu orodha ile, kwani nilitaka iwe zawadi ya kuwashangaza.

KOSA LILIPOANZIA

Kutoka uwanja wa ndege tulipanda garimoshi, tukasafiri zaidi ya saa nne mpaka Fes. Mji huo una sifa kubwa. Sehemu yake ya kale iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na ndani yake umo msikiti na chuo cha al-Qarawiyyin, ambacho mapokeo yasema kilianzishwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, mwaka 859. Lakini motokaa haziingii katika mji huo wa kale. Teksi ilitushusha langoni, giza limekwisha kuingia, nasi tukafuata kijana mwenye mkokoteni katika vichochoro vyembamba vyenye mteremko na mawe ya kuteleza. Nyumbu waliobeba ngozi walipita, na wenyewe wakipaza sauti, "Balak! Balak!" yaani tupisheni. Baba alijibanza ukutani mara tatu.

Nyumba tuliyopangisha ilikuwa mojawapo ya zile za kale zinazoitwa riadi, zenye ua katikati na vyumba pande zote. Ilipendeza kwa macho. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu, na ngazi zake zilikuwa nyembamba, zimepinda, hazina mahali pa kushika. Baba alipofika juu aliketi kitandani bila kuvua viatu, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umetuleta tuuone mji, au mji utuone sisi tukianguka?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule niliichana orodha, na asubuhi nikamwuliza Mama jambo ambalo ilinipasa kumwuliza kabla ya kukata tiketi: "Mngependa nini?" Akasema angependa kuiona bahari, kunywa chai akiwa ameketi, na kulala mchana. Baba alisema yeye angependa kuona mahali alipozikwa Mfalme Mohammed wa Tano, kwa sababu alipokuwa kijana alisikia habari zake. Wafaransa walimwondoa katika kiti chake mwaka 1953, wakamhamishia Corsica na kisha Madagascar, naye akarudi kwa shangwe mwaka 1955. Mwaka uliofuata nchi yake ikapata uhuru. Yote waliyotaka yalikuwa Rabat. Hapakuwa na hata moja lililokuwa katika orodha yangu.

KUCHAGUA MJI

Kwa hiyo, msomaji, shauri la kwanza ni hili: kwa siku tatu chagua mji mmoja, na mji wenyewe uwe wa kulingana na miguu ya wazee. Marrakesh una uwanja mashuhuri wa Jemaa el-Fnaa na magari ya farasi yanayowafaa sana wasioweza kutembea mbali, lakini wakati wa kiangazi joto lake huweza kupita nyuzi 40. Fes ni mji wa kutembea kwa miguu, na njia zake ni za kupanda na kushuka. Wazee wenye nguvu wataufurahia, wenye magoti mabovu watauogopa.

Rabat, mji mkuu, uko kando ya bahari ya Atlantiki, na upepo wake hupunguza joto. Barabara zake za mji mpya ni pana na zina miti. Tangu mwaka 2011 zipo tramu zinazounganisha Rabat na mji wa Salé ulio ng'ambo ya mto Bou Regreg, na mzee hupanda kwa hatua moja tu. Kutoka Casablanca kwa garimoshi ni mwendo wa saa moja hivi. Miezi iliyo mizuri ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Usiku wa Desemba na Januari una baridi kali kuliko wengi wetu tunavyodhani, na nyumba nyingi hazina moto wa kutosha. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, jambo ambalo huweza kumtaabisha mgonjwa anayetakiwa kula kwa saa maalumu.

MALAZI

Usivutwe na picha. Andika barua au piga simu, uulize maswali manne: Je, motokaa hufika mlangoni? Chumba kiko ghorofa gani? Ikiwa ni juu, lifti ipo? Na choo kimo chumbani, au mzee atashuka ngazi usiku gizani? Mwenye nyumba akijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kwingine. Sisi tulihamia hoteli ya kawaida katika mji mpya wa Rabat, isiyo na nakshi yoyote, lakini ilikuwa na lifti na viti barazani. Baba aliisifu kuliko ile riadi.

SIKU TATU ZENYEWE

Siku ya kwanza msifanye neno. Wazee waoge, wale, walale. Jioni wapelekeni barazani kwenye mkahawa wawatazame watu wakipita. Huko nako ni kuutazama mji.

Siku ya pili asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, twendeni kwenye Mnara wa Hassan. Sultani Yaqub al-Mansur alianza kujenga hapo msikiti mkubwa mno karne ya kumi na mbili, lakini alifariki mwaka 1199 na kazi ikakoma. Mnara ukabaki na kimo cha mita 44 hivi, umezungukwa na nguzo zilizokatika. Upande wa pili wa uwanja huo liko kaburi la Mohammed wa Tano, aliyefariki mwaka 1961, na mwanawe Hassan wa Pili, aliyefariki mwaka 1999, amelazwa humo pia. Mgeni wa dini yoyote huruhusiwa kuingia. Husimama juu katika roshani na kuyatazama makaburi yaliyo chini, chini ya dari iliyochongwa na kupakwa dhahabu.

Langoni husimama walinzi wa mfalme juu ya farasi. Baba alipowaona aliniachia mkono. Alinyosha mgongo, akatembea peke yake hatua zipatazo ishirini pasipo fimbo, akasimama wima mbele ya yule farasi kitambo kidogo, kisha akageuka kwa utaratibu kama aliyekuwa gwarideni. Mlinzi hakutikisika, maana ndiyo kazi yake, lakini naamini alielewa. Hayo yote yalikuwa dakika mbili. Laiti tungalikuwa tunakimbilia mahali pa kumi na moja, yasingalitokea.

Mchana walale. Jioni teksi iwapeleke kwenye ngome ya Oudaya, juu ya mwamba ambapo mto hukutana na bahari. Langoni pana ngazi chache, basi pandeni taratibu. Ndani mna nyumba nyeupe na buluu, bustani yenye kivuli, na mkahawa unaoelekea mtoni. Hapo Mama aliipata bahari yake.

Siku ya tatu rudini Casablanca kwa garimoshi la asubuhi, mkautazame msikiti wa Hassan wa Pili uliofunguliwa mwaka 1993. Sehemu yake imejengwa juu ya maji, na mnara wake una kimo cha mita 200 hivi. Misikiti mingi ya Moroko hairuhusu wasio Waislamu kuingia, ila huu hupokea wageni kwa saa maalumu nje ya nyakati za sala. Ulizeni saa hizo mapema, na hasa siku ya Ijumaa. Kutoka hapo uwanja wa ndege hauko mbali, umbali wa kilomita 30 hivi.

CHAKULA NA AFYA

Chai ya Moroko hutiwa nanaa na sukari nyingi sana, na kumkatalia mwenyeji ni kama kumvunjia heshima. Nilikuwa na hofu kwa ajili ya Mama. Siku ya kwanza nilijaribu kumweleza mhudumu kwa Kifaransa changu kibovu, naye hakunielewa. Mama, aliyekuwa amenyamaza tangu tulipotua, akainua kichwa na kusema kwa Kiswahili chake cha kila siku, "Bila sukari." Yule kijana akatabasamu. "Bla sukkar, ya hajja!" akasema, akaondoka upesi. Alimwita hajja kama wanavyowaita huko wanawake wenye umri, kwa heshima.

Tangu hapo Mama hakutaka tena nimsemee. Aligundua ya kuwa sabuni ni sabuni, kahawa ni kahawa, na soko ni suku. Nilimkumbusha kwamba Ibn Battuta, msafiri yule mkuu aliyezaliwa Tangier mwaka 1304, alifika Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331. Akanijibu, "Basi sisi tumemrudishia ziara yake."

Dawa za wazee zichukuliwe mkononi ndani ya ndege, zisiwekwe katika sanduku, pamoja na barua ya daktari. Saa za Moroko ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, na mwezi wa Ramadhani kwa saa tatu. Mpangieni mgonjwa saa zake za dawa upya kabla ya kuondoka. Wenye shinikizo la damu wajihadhari na zeituni na ndimu zilizokolezwa chumvi, na bafu za mvuke wasiingie pasipo ushauri wa daktari. Duka la dawa likifungwa usiku, mlangoni hubandikwa jina la lile la zamu. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 15, na polisi wa mijini kwa namba 19.

FEDHA NA NJIA

Fedha ya Moroko, dirhamu, hununuliwa mkifika, na mbadilishe kiasi mtakachotumia tu. Teksi ndogo za mijini hazichukui zaidi ya abiria watatu. Basi mkiwa wanne kodini mbili, na kila moja apande kijana mmoja na mzee mmoja. Mwambieni dereva awashe mita. Katika garimoshi kateni daraja la kwanza, ambamo kila abiria ana kiti chenye namba. Msitoe wazee jasho kwa kubana senti.

Jambo moja zaidi. Wazee wetu wamelelewa kuwa salamu haipitwi. Sokoni, salamu nyingi huishia katika duka la mazulia. Wafundisheni kuweka mkono kifuani, kuitikia, na kuendelea na njia. Adabu itakuwa imetimizwa na mfuko umesalimika.

Kuhusu viza, waulizeni ubalozi miezi miwili kabla.

Leo goti la Baba limezidi, na safari ndefu haziwezi tena. Lakini jioni wazee wenzake wanapomtembelea, huwasimulia habari za farasi wa Rabat na mlinzi asiyetikisika. Fes haitaji kabisa. Na Mama, mgeni akimpikia chai, husema kwa sauti ya kujivuna kidogo, "Bla sukkar."