Kunde Hazina Kesi ya Kujibu

Mjomba wangu wa Mzenga alikaa mwaka mzima bila kula kunde. Usiku mmoja kidole gumba cha mguu wa kulia kilimvimba, kikawa kinang'aa na kuwaka moto, hata shuka ikikigusa anapiga kelele. Mtu mmoja akamwambia: hiyo gauti, acha nyama nyekundu na jamii yote ya kunde. Nyama haikumsumbua, kule Kisarawe ndani anaila siku ya harusi na siku ya Idi. Kunde ndizo zilizomtia unyonge. Zinaota nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo, wala hazimdai senti. Akaziacha, akahamia kwenye dagaa wakavu wa kununua kwa fungu. Haikupita miezi mitatu, kidole kikarudia.

"Nimeacha kila kitu, mjomba," aliniambia nilipokwenda kumjulia hali, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. "Sasa wanataka niache na kupumua?"

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Wazee waliuita jongo. Chanzo chake ni asidi ya yuriki, na asidi hiyo hutokana na purini, vitu vilivyomo katika kiini cha kila seli, iwe ya binadamu, ya samaki au ya jani la kisamvu. Seli ikichakaa mwili unaibomoa, na taka inayobaki ni asidi hiyo. Theluthi mbili hivi hutokana na ubomoaji wa humohumo mwilini. Ni theluthi moja tu inayotoka sahanini. Mbuzi anayekatiza njia ana kimeng'enya cha kuiyeyusha taka hiyo. Sisi hatuna: mababu wa binadamu walikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo mzigo mkubwa umeachiwa figo, na utumbo husaidia.

Figo zikizidiwa, asidi hulundikana kwenye damu. Ikivuka kama miligramu 6.8 kwa desilita, inaweza kuganda kuwa chembe zenye ncha kama sindano, hasa sehemu za mwili zenye ubaridi. Kidole gumba kiko mbali na moyo, na usiku hupoa. Mwaka 1961 madaktari wawili wa Marekani, Daniel McCarty na Joseph Hollander, walichukua majimaji ya viungo vilivyovimba, wakayaweka chini ya hadubini yenye mwanga maalumu, wakaziona sindano hizo waziwazi. Mjomba anaposema anachomwa, hasemi kwa mafumbo.

Kwa miaka mingi ushauri ulikwenda kwa hesabu nyepesi: chakula chenye purini nyingi, kiache. Maharage, kunde, mbaazi na mchicha vikaingizwa kwenye kapu moja na maini na figo. Mwaka 2004 Hyon Choi na wenzake wa Boston walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Kati yao 730 walipata gauti. Waliokula sana nyama na samaki walipata zaidi. Waliokunywa maziwa, hasa yaliyotolewa mafuta, walipata kidogo. Na wale wa maharage na mboga zenye purini? Hawakuongeza hatari yoyote. Ni kweli walikuwa Wamarekani, wanaume watupu, lakini kunde ya Mzenga sioni kwa nini ihukumiwe kwa kosa ambalo maharage ya Boston yameachiwa huru.

Dagaa ndio wenye kesi. Samaki wadogo unawala wazima, na wakikaushwa maji yanatoka, purini inabaki, kwa hiyo fungu dogo limebeba mengi. Hapo mkaza mjomba alinikatiza: yeye huwachemsha kwanza na kumwaga maji, je, ni bure? Si bure hata kidogo. Purini huyeyuka majini; ukiyamwaga, umemwaga sehemu yake. Kwa hoja hiyohiyo supu tunayompelekea mgonjwa tukiamini ni chakula chepesi, iwe ya makongoro au ya utumbo, ndiyo yenye purini iliyotoka kwenye nyama. Mgonjwa wa jongo anapewa bakuli la ugonjwa wake, tena na pilipili juu.

Bia inaumiza mara mbili: chachu yake ina purini, na kilevi kinazifanya figo zishikilie asidi badala ya kuitoa. Kisha kuna jambo linalowashangaza wengi, sukari. Sukari ya matunda, ambayo pia ni nusu ya sukari ya mezani, ikivunjwa kwenye ini huzalisha asidi ya yuriki hata kama haina purini. Choi huyohuyo mwaka 2008 aliona kwamba wanaume waliokunywa soda mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya gauti kwa asilimia 85 zaidi ya waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Sharubati za matunda nazo hazikusalimika. Mtu anayekamua machungwa saba ya Kisarawe asubuhi ili apate vitamini C ya kushusha asidi, anaipandisha kwa glasi ileile. Maji ya kutosha ni rahisi zaidi, na hayana ubishi.

Lakini nisimdanganye mjomba. Chakula peke yake hushusha kama miligramu moja hivi. Aliye na 9 atafika 8, na lengo ni chini ya 6. Utafiti uliotoka mwaka 2018, uliohusu watu zaidi ya 16,000 wa asili ya Ulaya nchini Marekani, ulionyesha kuwa chakula chochote kimoja kinaeleza chini ya asilimia 1 ya tofauti za asidi kati ya mtu na mtu, wakati urithi unaeleza karibu robo. Kwa hiyo ipo dawa, alopurinoli, iliyotoka katika maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Anayeiandika ni daktari, baada ya kupima damu.

Nikamuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote, maana dawa za kifua kikuu huweza kuipandisha asidi, na baadhi ya vidonge vya presha pia.

"Kile cha presha," akasema. "Kinachonikojoza."

"Usikiache, mjomba. Ila twende nacho kwa daktari akione."

Akainuka taratibu, akishika ukuta, kwenda kuitafuta pakiti yake kwenye sanduku. Treni ya TAZARA ilikuwa inapita. Mkaza mjomba hakungoja. Alikuwa ameshachukua ungo na kuzunguka nyuma ya nyumba, anachuma kunde.