Dirisha Lisipoenea Kiooni

Huenda umejaza fomu ndefu katika kompyuta, kumbe kitufe cha kuhifadhi kimezama chini ya kioo. Usiizime mashine, kwani kazi yote itapotea.

Kioo huchora kwa nukta. Chenye nukta 1366 kwa 768 kikipangwa 800 kwa 600, maandishi hukua na dirisha hukosa nafasi. Katika Windows, bila kuifunga fomu, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu penye picha ya nyuma, fungua mipangilio ya skrini, uchague kipimo kinachopendekezwa, kisha uthibitishe. Usipothibitisha, baada ya sekunde 15 kipimo cha awali hurudi.

Kitufe kikionekana, hifadhi kwanza, mengine yatafuata.